Kasuku na Mawimbi ya Maikrowevu

Shule ya Kasuku ilikuwa na zamu ya asubuhi, kwa hiyo mchana alikuwa huru. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata kushoto penye duka la viatu, akapita nyuma ya gereji, akaingia katika kiwanda kidogo cha ushonaji alikofanya kazi shangazi yake. Hapo ilishonwa nguo ya aina moja tu: makoti meupe ya madaktari na wauguzi. Cherehani zilipangwa safu mbili. Meza ya kukatia vitambaa ilikuwa mbele, karibu na dirisha, na nyuma kabisa zilikuwa pasi. Pembeni ya pasi palikuwa na kibaraza cha saruji, na juu yake maikrowevu moja kubwa.

Shangazi ndiye aliyepasha chakula. Asubuhi mafundi walikuja na mabakuli yao yenye vifuniko, wakayaacha kibarazani, na zamu ya kula ilipofika kila mmoja alikuta chakula chake mbele yake. Hakuna bakuli lililoandikwa jina. Shangazi alijua tu. Alijua kwamba mshona mikono anataka chakula kinachotoa mvuke, na mshona kola anataka cha uvuguvugu kwa sababu jino lake moja ni bovu. Mtu akija mikono mitupu, Shangazi hakumuuliza mbele ya wenzake. Alimwekea kisahani karibu na cherehani yake, amemgawia kutoka bakuli lake mwenyewe, kisha akaenda zake kana kwamba hakuna lililotokea.

Mafundi walimwita Bi Moto. Kasuku naye jina lake hilo alilipata hapo hapo kiwandani, kwa sababu alilosikia shuleni alilisema, na alilosikia kiwandani alilipeleka shuleni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Shangazi alikuwa amemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Wiki moja mchuuzi alipita mtaani akiuza mabakuli ya kijani. Mafundi wawili wakanunua, kila mmoja lake, bila mwenzake kujua. Kesho yake mshona kola alifunua bakuli akashtuka.

"Ee! Mimi na samaki wapi na wapi?"

"Na mimi hizi mboga nimezipika lini?" akasema mwingine kutoka safu ya pili.

Watu wakacheka. Shangazi akaja mbio akiwa na kitambaa begani. "Nisameheni, jamani. Mapacha wenu wamenichanganya." Akayabadilisha mabakuli, naye akacheka. Jambo lile lingeishia hapo.

Lakini Kasuku alikuwa na habari. Asubuhi ile kiranja wa darasa lao alikuwa amesimulia jambo alilosoma kwenye simu ya kaka yake. Alisema kuna wanasayansi waliowaweka panya kwenye mawimbi makali ya aina ile ya maikrowevu, tena kwa muda mrefu, halafu wakatazama kama panya wale wanakumbuka njia. Baadhi walipotea, na ndani ya ubongo wao kemikali zilikuwa zimebadilika. "Lakini yalikuwa mawimbi makali," kiranja alisema, "na kaka anasema wengine walijaribu hawakuona kitu." Kasuku alisikia yote. Masikio yake hayakuwa na kasoro.

"Shangazi, hilo si kosa lako," alisema kwa sauti ya mtangazaji. "Ni maikrowevu. Mawimbi yake yanakula ubongo! Wanasayansi wamepima kwa maikrowevu kama hii hii. Panya wote walisahau njia ya kwenda kwenye chakula chao."

Alikuwa ameliacha neno "makali", na ameongeza "kama hii hii" na "wote". Alifanya hivyo kwa sababu cherehani zilikuwa zimenyamaza na watu wote wakimtazama yeye, na kutazamwa kulikuwa kutamu.

Mkata vitambaa, mwanaume mrefu waliyemwita Mkasi, aliweka chaki yake mezani. "Kumbe! Sasa Bi Moto, wewe umepashwa miaka yote hii, si umeshaiva kabisa?"

Kiwanda kizima kiliangua kicheko. Kasuku alicheka kuliko wote.

Kuanzia siku hiyo mchezo ukaanza. Mkasi alificha vifuniko kisha akauliza, "Bi Moto, umeviweka wapi?" Alihamisha mabakuli Shangazi alipogeuka, na chakula kilipofika kwa mtu asiye wake, alipiga meza na kusema, "Ubongo huo! Tayari umechemka!" Wengine walimuuliza leo ni siku gani. Walimuuliza jina la mama yake. Shangazi alijibu kila swali kwa upole, akidhani wakichoka wataacha. Hawakuchoka.

Halafu mzaha ukageuka kuwa hofu. Mshona vifungo, aliyekuwa na mimba, akahamisha kiti chake mbali na kibaraza. Mwingine akasema kichwa kinamuuma kila maikrowevu inapolia. Malalamiko yakafika kwa msimamizi. Msimamizi hakuuliza ni nani aliyepima wala alipima nini. Alikuwa mtu wa kutaka kelele ziishe, basi.

"Chomoa hiyo mashine," alimwambia Shangazi. "Ifunike, iweke kule pembeni. Kuanzia kesho utapasha kwa mkaa."

"Mkaa, bosi? Na makoti meupe haya?"

"Utakaa stoo, ufunge mlango."

Stoo ilikuwa chumba kidogo cha kuwekea majora ya vitambaa. Ilikuwa na kidirisha kimoja ambacho bawaba zake zilishika kutu zamani, na mlango uliotazama chumba cha mafundi. Siku ya kwanza tu, jivu likaruka likatua kwenye koti lililokwisha kupigwa pasi. Msimamizi alilinyanyua koti lile juu kila mtu alione. "Nani atalivaa hili? Wewe?"

Mkasi akaja na mafungu ya vipande vya kitambaa vilivyobaki mezani kwake. "Ziba hapo chini ya mlango, Bi Moto. Na ukumbuke kuzibua ukitaka kutoka, maana wewe tena!"

Shangazi alichukia kuharibu kazi ya mtu. Alipiga magoti akavipachika vipande vile chini ya mlango, akaviingiza pembeni mwa kidirisha, hata mwanga haukupenya. Aliifanya kazi ile vizuri, kama alivyofanya kila kazi.

Ndipo alipoanza kusahau kweli.

Kwanza yalikuwa mabakuli. Kisha yakawa maneno. "Nipe ile... ile ya kukorogea," angesema, mkono ukiwa hewani, na mwiko uko mbele yake. Kichwa kilimuuma kama kinachopigwa nyundo kutoka ndani. Alirudi nyumbani akiwa na kichefuchefu, akakaa kitandani na viatu miguuni. Siku ya mapumziko alikuwa mwingine. Alifua huku akiimba, akamkumbusha Kasuku mahali alipoacha raba yake ya kufutia. Halafu kazi ilipoanza tena, ifikapo mchana alikuwa anakanyaga kama mtu anayevuka tope. Kasuku aliliona hilo. Aliliona, lakini hakulifikiria.

Kiwandani hawakuhitaji kufikiria, maana jibu walikuwa nalo. "Mnaona? Mtoto alisema kweli. Mawimbi yalishamaliza kazi yake kabla hatujaizima ile mashine." Kasuku akapata jina jipya: Profesa.

"Haya, Profesa," Mkasi alimuuliza siku moja, "akishasahau mabakuli, atafuata kusahau nini?"

Kasuku hakujua. Lakini ameulizwa, na watu wanangoja. "Majina," alisema.

"Loo! Maskini Bi Moto. Na baada ya majina?"

"Watu."

Mlango wa stoo ukafunguka. Shangazi akatoka na mabakuli mawili, macho mekundu, kitambaa kimemwanguka begani bila yeye kujua.

"Kasuku, umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Shangazi."

Akapeleka bakuli moja, akarudi. "Kasuku, umekula?"

"Nimeshakwambia, nimekula."

Akasimama katikati ya safu, akitafuta mwenye bakuli la pili. Akageuka. "Umekula lakini?"

Mkasi akamkonyeza Kasuku. Kasuku akasimama. Akaulegeza mdomo, akaburuta miguu baina ya cherehani, mikono mbele kama aliyebeba bakuli. "Kasuku, umekula? Kasuku, umekula? Kasuku..." Akasimama mbele ya Mkasi akapepesa macho. "Hivi wewe ni nani?"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika hadi gereji. Mshona vifungo alijifuta machozi. Shangazi alikuwa amesimama palepale na bakuli lake mkononi. Aliona yote. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliye kati ya wageni wanaosema lugha asiyoijua. Kisha akaliweka bakuli kwenye meza iliyo karibu, akarudi stoo, akafunga mlango, na wakamsikia akipiga magoti kurudishia vitambaa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mama mzee wa kupiga pasi, ambaye kila mtu alimwita Bibi wa Pasi. Alimtazama Kasuku kwa muda.

"Mpelekee shangazi yako maji," alisema.

Kasuku alijifanya hakusikia. Bibi wa Pasi akasimamisha pasi yake, akachota maji kikombeni, akayapeleka mwenyewe kwa miguu yake iliyovimba.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha tangu asubuhi. Makoti mengi yalitakiwa kuondoka siku hiyohiyo, na yalirundikwa kila mahali: kwenye viti, kwenye kibaraza, hata mahali alipozoea kukaa Kasuku. Nje kulikuwa na maji. Kwa mara ya kwanza tangu jiko liingie, akaenda kukaa stoo na daftari lake la hesabu.

Humo mlikuwa na joto zuri. Mkaa ulikuwa umeshika, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Shangazi alikuwa amekaa juu ya gunia, mgongo ukutani, anageuza bakuli moja polepole. Kasuku aliandika hesabu ya kwanza. Akaandika ya pili. Kichwa kikaanza kumbana, kama mtu amemfunga kitambaa na anakaza fundo. Akafika saba mara nane. Alikuwa akiijua saba mara nane tangu akiwa mdogo. Sasa alipoitafuta hakuikuta. Akaitazama kalamu. Saba mara nane. Hakuna kitu.

Akaiweka chini kalamu, akawaza: Mawimbi! Yamenipata na mimi!

Kisha akakumbuka kwamba maikrowevu ilikuwa kule nje, imechomolewa, imefunikwa shuka, haijawashwa tangu siku msimamizi alipotoa amri. Basi ni nini?

"Shangazi," aliita. "Kichwa kinaniuma."

Shangazi alimgeuzia uso. Midomo yake ilicheza. "We... we mtoto wa..." Alikuwa analitafuta jina. Alilitafuta kwa macho usoni mwa Kasuku, kama mtu anayepapasa gizani, na hakulipata. Bakuli likamponyoka. Kichwa chake kikaangukia kwenye jora la kitambaa.

Kasuku alivuta mlango. Vitambaa vilikuwa vimebana. Akavuta tena ukafunguka, na hewa ya baridi ikaingia.

"We mtoto, mlango!" Mkasi alipiga kelele bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi wake. "Makoti meupe hayo!"

"Funga!" msimamizi naye akadakia. "Leo si siku ya michezo!"

Na Kasuku akafunga. Alizoea kuwafurahisha. Alisimama ndani, mkono ukiwa bado kwenye kitasa, akamtazama Shangazi ambaye hakujitikisa, na miguu yake mwenyewe ikaanza kulegea. Akatapika pale pale mlangoni, juu ya vile vitambaa.

Akafungua tena.

"Mlango! Huyu mtoto ana wazimu? Mlango!"

Safari hii hakufunga. Aliuvuta mlango mpaka ukagonga ukuta, akapiga hatua moja nje. Akaanguka kati ya makoti. "Shangazi amekufa," alisema, lakini sauti ilitoka ndogo, na fundi aliyekaa karibu alidhani anaigiza tena. Akaguna akicheka.

Bibi wa Pasi hakucheka. Aliiacha pasi juu ya koti alilokuwa akilipiga, akaingia stoo, akamshika Shangazi chini ya makwapa. Alimburuta nyumanyuma baina ya cherehani, akihema, na mafundi wakainua miguu yao ili apite. Alimfikisha nje, barazani, mvua ikawapiga wote wawili usoni. Hapo ndipo mshona kola alipoinuka, na mshona mikono, wakamkimbilia Kasuku.

"Koti linaungua!" msimamizi alikuwa anapiga kelele ndani. "Nani ameacha pasi juu ya koti?"

Shangazi alipumua. Alipumua vibaya, kwa kukoroma, lakini alipumua. Fundi wa gereji akaleta gari la mteja bila kumuuliza mteja, wakapakiwa.

Tabibu wa zahanati alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi. Alimwekea Shangazi kinyago cha oksijeni usoni, akamwekea Kasuku kingine, ndipo akaanza kuuliza.

"Alikuwa wapi?"

"Stoo," alisema Bibi wa Pasi. "Anapasha chakula kwa jiko la mkaa."

"Dirisha?"

"Limezibwa. Na mlango. Tunashona nguo nyeupe."

Tabibu akafumba macho kidogo. "Siku za mapumziko huwaje?"

Bibi wa Pasi hakujua. Kasuku ndiye aliyejua. Alivuta kinyago pembeni. "Huwa mzima," alisema. "Huimba."

"Rudisha hicho usoni. Sasa nisikilizeni. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haihitaji moshi. Huingia kwenye damu ikakaa mahali pa oksijeni, na ubongo ukabaki unalia njaa. Mtu huumwa kichwa, hutapika, husahau. Akiendelea kukaa humo, hulala, na haamki. Mngechelewa kidogo, ningewapa pole ya msiba."

"Lakini walisema ni maikrowevu," Bibi wa Pasi alisema. "Kwamba mawimbi yake yamemla ubongo. Ndiyo maana wakaleta mkaa."

"Nani alisema?"

Bibi wa Pasi alitazama miguu yake. Alijua, lakini alingoja.

"Ni mimi," alisema Kasuku. Alieleza yote: kiranja, simu ya kaka yake, panya. "Tuliambiwa ni mawimbi makali. Mimi nikaacha makali. Nikasema ni kama ile ya kwetu, na kwamba ni panya wote. Nilidanganya ili wanisikilize."

Tabibu hakumpa pole. "Ni kweli wako waliowapima panya kwa mawimbi makali," alisema. "Wengine waliona mabadiliko, wengine hawakuona, na bado wanapima. Lakini maikrowevu nzima ya jikoni, ambayo mlango wake haujapinda wala kupasuka, huyafungia mawimbi ndani, na ukiizima hayapo tena, kama mwanga wa taa iliyozimwa. Kama mlango umeharibika, usiitumie, mwite fundi. Basi. Haikumfanya shangazi yako asahau. Shangazi yako alikuwa na akili timamu mlipomfungia na sumu."

Kasuku alilia ndani ya kinyago mpaka kikajaa ukungu. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Atapona?" aliuliza Bibi wa Pasi.

"Ataishi. Kumbukumbu, nyingi itarudi, polepole, akikaa kwenye hewa safi. Kama itarudi yote, sijui. Siwezi kuwaambia nisichokijua."

Kesho yake, alipotoka shule, Kasuku alikwenda kiwandani peke yake. Shangazi alikuwa bado zahanati. Alisimama karibu na meza ya kukatia akawaambia mafundi alichoambiwa na tabibu, bila kuacha neno. Mkasi alijaribu. "Profesa leo amebadilisha somo," alisema, akatazama huku na huku. Hakuna aliyecheka naye. Akakiokota kipande cha kitambaa chini ya meza, akakikunja, akakikunjua.

"Kwa hiyo jiko litoke," alisema msimamizi. "Vizuri. Na nitamtafuta mwingine wa kupasha. Huyu keshaharibika, kwa mkaa au kwa mawimbi, kwangu ni mamoja. Nani anataka mtu asiyekumbuka?"

Kila mtu alingoja mwenzake aseme. Nyuma ya chumba, Bibi wa Pasi akachomoa pasi ya kwanza. Akachomoa ya pili. Akachomoa zote, kisha akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani.

"Mama, vipi?" msimamizi aliuliza. "Gari la makoti linakuja."

"Lije. Litayabeba yana mikunjo."

"Unanitisha?"

"Sikutishi, baba. Nimechoka tu. Nilipoumwa miguu, yule mwanamke alinisimamia kwenye pasi hizi na kazi yake akaifanya, wala hakusema kwa mtu. Wewe hukujua, na hukujua kwa sababu yeye hakutaka ujue. Sasa mimi nitapumzika mpaka nafasi yake iwe yake."

Mshona mikono akainua mguu wake kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Mshona kola naye. Sauti zikakatika moja moja, mpaka ikabaki sauti ya mkasi tu, na baada ya kitambo nayo ikanyamaza.

Msimamizi alitazama saa ya ukutani, akatazama makoti. "Haya," alisema kwa hasira. "Haya! Nafasi yake ni yake. Washa hizo pasi."

Fundi aliitwa akaikagua maikrowevu, mlango wake na raba zake, akasema ni nzima. Kidirisha cha stoo kilikwanguliwa kutu kikafunguka. Shangazi alipumzika nyumbani, kisha akarudi kazini. Mafundi walikuwa wamebandika vikaratasi vya majina kwenye mabakuli bila kuambiwa na mtu. Mkasi alimletea kiti. Hakusema samahani, alisimama karibu na kile kiti, anakuna shingo, mpaka Shangazi akakaa. Shangazi alikuwa bado mzito kidogo wa kukumbuka. Mara nyingine alisimama na bakuli mkononi akisoma kikaratasi mara mbili, na watu wakaendelea kushona kana kwamba hawamwoni. Lakini maumivu ya kichwa yalikuwa yamekwisha, na kila wiki alisimama hivyo mara chache zaidi.

Jioni moja walitoka pamoja, Shangazi na Kasuku. Walipita nyuma ya gereji. Penye duka la viatu Shangazi akageukia upande usio wa nyumbani. Alikwenda kwa uhakika kabisa, huku akizungumza habari za sabuni.

Mafundi wawili walikuwa nyuma yao. Kasuku hakusema kitu. Alimshika mkono, akapunguza mwendo kana kwamba anatazama viatu dirishani, na walipoanza tena kutembea walikuwa wameelekea upande wao.

Mafundi wale wawili wakashika njia yao.

"Nilikuwa nimekosea njia," alisema Shangazi.

"Kidogo tu, Shangazi."

"Na hukusema mbele ya wale."

Kasuku akatazama chini. "Shangazi, siku ile nilipokuigiza..."

"Ile nilisahau," Shangazi alisema, halafu akatikisa kichwa. "Hapana, nisikudanganye. Mengi ya siku zile yamepotea, lile halikupotea. Liliniuma kuliko kichwa." Aliendelea kuushika mkono wake. "Sikiliza, mwanangu. Watu wote huogopa wasichokijua, hata mimi. Usione aibu kuogopa. Lakini ukisikia jambo la kutisha juu ya mwili wa mtu, lichukue lote kama ulivyolisikia, ulipeleke kwa anayeweza kupima. Usilipeleke kwa wanaotaka kucheka. Wanaocheka hawatapima. Wataziba mlango tu, na ndani ya mlango kuna mtu."

Kasuku aliitikia kwa kichwa.

"Na jengine," Shangazi alisema walipofika kwenye kona ya nyumba yao. "Nikipotea tena, fanya hivyohivyo ulivyofanya leo. Nigeuze, tuendelee."